Mzuri, Ila Anavuta

Kwenye karakana yetu ya ushonaji, kitu chochote kikinuka, mwenye kosa ni Dohani. Pasi ikiunguza bitana, Dohani. Panya akifia nyuma ya kabati la vitambaa, Dohani ataambiwa asogee kidogo. Jina hilo tulimpa kwa sababu anavuta sigara, naye akaliitikia bila kinyongo, jambo lililotuharibia utamu wa kumtania.

Sigara zenyewe huzivutia nje, nyuma ya ukuta wa choo, halafu hunawa kwa sabuni mpaka vidole vinakunjamana kama vya mfua nguo. Haikusaidia. Kikombe chake cha chai kilifungwa uzi mwekundu kwenye kishikio, mtu asije akakinywea kwa bahati mbaya, kikatundikwa peke yake kwenye msumari wa nje ya mlango. Utadhani sigara ni upele.

Mwenye karakana ni dada yake mama yangu. Kwa kuwa mimi namwita Mama Mkubwa, mafundi wote wanamwita hivyo hivyo, hata waliomzidi umri. Mimi nakaa kwenye mashine ya kukunja pindo, dirishani, mahali pazuri pa kusikia mambo yasiyonihusu.

Wakati huo gumzo lilikuwa moja tu: meza ya kukata. Mkataji wetu wa zamani alikuwa amestaafu, na Mama Mkubwa alitafuta wa kushika nafasi yake. Mkataji ndiye hupima wateja, ndiye mwenye chaki na mkasi mkubwa, na hakanyagi cherehani tena. Dohani ana magoti mabovu, kila akikanyaga pedali yanalia. Aliitaka ile meza kama mtu mwenye usingizi anavyotaka mto. Na kwa ufundi hakuna aliyemfikia.

Basi akapewa jaribio: suti ya meneja wa hoteli, mama ambaye ikimkaa vizuri angetuletea kazi ya sare za wafanyakazi wake wote. Dohani akampima, akakata, akashona. Ilipofika kupachika mikono ya koti, Mama Mkubwa akaona bora amalizie Marashi.

"Mteja asije akavaa harufu," alisema.

Marashi ni fundi mwenzetu asiyevuta kitu isipokuwa kiti. Asubuhi hujipulizia manukato mpaka nzi wanahama. Hiyo haiitwi harufu, inaitwa usafi.

Suti ikaenda. Kesho yake simu ya Mama Mkubwa ikaita huku cherehani zote zinanguruma. Akaziba sikio moja, akasikiliza kwa lile jingine, akasema "ndiyo, mama" na "samahani sana, mama", akakata. Uso ulikuwa umemshuka.

"Meneja anasema, mzuri sana, ila anavuta."

Cherehani zikanyamaza. Dohani akatazama vidole vyake.

"Nilijua tu," Marashi akasema. "Mtu wa cheo kile ana pua."

"Amesema hivyo hivyo, Mama Mkubwa?" nikauliza.

"Kwani mimi kiziwi? Mzuri sana, ila anavuta. Kesho anapita tuzungumze." Akamgeukia Dohani, bila ukali, na hapo ndipo ilipouma. "Kaka, sina la kufanya. Meza nampa Marashi. Wewe tutakuhamishia mashine yako uani, upate hewa."

"Uani kuna jua, mama."

"Tutafunga turubai."

Dohani akabeba kiti chake, sisi tukabeba cherehani. Jioni nilimpelekea chai kwenye kikombe changu.

"Utaambukizwa," akaniambia. Lakini aliinywa yote.

Siku ya pili meneja akaingia akiwa amevaa ile suti. Marashi akamkimbilia na futi shingoni.

"Yuko wapi fundi aliyenipima?"

"Tumeshamtoa, mama," Mama Mkubwa akasema. "Malalamiko yako tumeyafanyia kazi."

"Mmemtoa? Kwa mikono tu?"

"Mikono ipi?"

"Hii. Si nilikwambia kwenye simu? Nzuri sana, ila inavuta." Akainua mkono, na koti zima likapanda nao. Kwapani kitambaa kilikunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu.

"Inavuta," Mama Mkubwa akarudia polepole. "Suti."

"Sasa nani mwingine?"

Ikabidi nijitolee. "Mama Mkubwa alisikia 'anavuta'. Fundi yuko uani na sigara zake."

Meneja akatutazama mmoja mmoja. "Mimi navaa mikono yake," akasema, "sivai mapafu yake. Hii mikono kapachika yeye?"

Macho yote yakamwendea Marashi, ambaye ghafla alikuwa anatafuta sindano sakafuni.

Dohani akaitwa. Alinawa kwanza, kwa mazoea, akaingia anajifuta kwenye suruali. Akapapasa bega moja, akapapasa la pili, akacheka kidogo.

"Imebadilishana, mama. Wa kulia uko kushoto."

Akaifumua pale pale na kuipachika upya, meneja akisubiri na chai. Alipoinua mkono tena, koti lilitulia mahali pake. Akasema sare atapimisha kwa fundi huyu huyu.

Mama Mkubwa si mtu wa kuomba radhi. Alichukua chaki na mkasi mkubwa kutoka kwa Marashi, akaviweka mbele ya Dohani. "Rudi mezani, kaka."

Dohani akauchukua mkasi, akatoka nao mpaka mlangoni. Akaukata ule uzi mwekundu, akarudi na kikombe, akakichanganya na vingine kwenye sinia. Akavuta kiti chake kutoka uani mpaka mezani, akaketi, akanyoosha magoti.

Vikombe vyetu vyote ni vyeupe, vimefanana kama mapacha. Mpaka leo Marashi hunusa kila kikombe kabla hajamimina, na bado hajakijua ni kipi.