Kura ya Mama Mkwe

1.

TANGAZO

Wanafunzi wa kisomo cha watu wazima waliokubali kushiriki katika utafiti wa chuo wafike darasani Jumanne asubuhi. Kila mmoja ataokota karatasi, nyeupe au nyekundu. Hakuna upendeleo.

(Hiyo sentensi ya mwisho niliiandika mimi, Hemedi, msaidizi wa Dakta.)

2.

Maelekezo ya Dakta: Makundi mawili, mtihani mmoja mfupi wa kusoma. Majibu yasitazamwe. Wenye nyeupe waambiwe wamefaulu. Wenye nyekundu waambiwe wameshindwa. Wapewe mtihani wa pili, tuone aibu inamfanya nini msomaji. Kabla hawajaondoka, wote waambiwe ukweli.

3.

Bi. Mwantumu akaokota nyekundu.

Mama mkwe wangu.

4.

Wewe unayesoma, una mkwe? Ungemtazama aliyekupa mke, umwambie, "Mama, umeshindwa"? Mimi hata kula mbele yake siwezi.

"Mama, hiyo imechanika, nikubadilishie."

Haikuwa imechanika. Nyeupe niliitoa mkononi mwa Bi. Tatu, jirani yake, ambaye hukaa naye dawati moja. Yeye nikampa ile nyekundu.

5.

Bi. Tatu, baada ya kuambiwa:

"Kumbe wanangu walisema kweli. Kichwa kimeshakauka hiki."

Akajitanda kanga, akatoka. Mtihani wa pili hakuungoja. Nilipaswa kumkimbilia, lakini mama mkwe alikuwa anapiga vigelegele, na mimi nili—

6.

Wengine niliwaambia ukweli, mmoja mmoja.

Mama mkwe, hapana.

7.

Kwenye mashine ya kusaga:

— Tatu haji tena kisomo.

— Wa chuo wamemwambia kashindwa.

— Na Mwantumu?

— Kafaulu! Siku hizi hata pakiti ya majani ya chai anaisoma kwa sauti.

8.

Dakta anapenda kufundisha. Anasema jaribio hupangwa kwa njia nyingi: mtu yuleyule anaweza kupitishwa hali zote mbili, au wawili wanaofanana wakawekwa jozi, mmoja huku, mwenzake kule.

Wajane wawili. Ukuta mmoja. Dawati moja.

"Kura ilikwenda vizuri, Hemedi?"

"Vizuri, Dakta."

9.

Naona haya. Nilimwonea haya mkwe, nikamvika mwenzake aibu isiyo yake. Na nikimvua Bi. Tatu kushindwa kwake, itabidi nimvue mama mkwe kufaulu kwake.

10.

"Hodi."

Bi. Tatu yuko mkekani nyumbani kwake. Pembeni yake, kitabu kikiwa kimefunuliwa mapajani, mama mkwe.

"Karibu, mkwe wangu. Huyu namwambia arudi, nitamfundisha mwenyewe. Si nimefaulu? Hebu mwambie na wewe."

Bi. Tatu ananitazama. Hana hasira, na hilo ndilo linaloniumiza.

"Sema, mwalimu. Tulisoma ukurasa uleule. Mwenzangu alinizidi wapi?"

Kitabu kinafungwa taratibu. Sasa wananitazama wote wawili.

11.

Mama, karatasi yako haikuwa imechanika.