Kamba ya Kisimani

Mimi ni afisa kilimo Bungu, na nilisahau msimu wa mpunga. Nalisema mapema ili nisilizunguke.

Mwezi wa kwanza nilikwenda Salale kumtengenezea mama nyumba. Presha ya macho ilikuwa imemaliza jicho la pili. Nilifunga kamba kutoka mlangoni hadi chooni, nyingine hadi jikoni, na mafundo matatu kabla ya kila ngazi. Kopo la chumvi nililivisha mpira, lisichanganywe na la sukari. Kisha nikajifunga kitambaa machoni, nikaijaribu njia mwenyewe.

"Unakwenda kama kaa," mama alisema, akisikiliza miguu yangu.

"Nyamaza, nahesabu."

Kwangu alikataa kuhamia. Mara ya mwisho alipokaa kwangu, alisema, alishikwa mkono hadi chooni kama mtoto, na mimi nikishinda kwenye mikorosho. Kwa hiyo jirani yake, Zaitun, akakubali kumletea maji kila asubuhi. Nikaondoka nimeridhika.

Mwezi wa sita simu ya mama ilizimika siku tatu. Ya Zaitun nayo haikupatikana. Nikapanda boti ya Salale.

Kijiji kilikuwa kitupu, milango imefungwa. Hapo ndipo nilipokumbuka. Mpunga umeiva, watu wamehamia mashambani, wanalala kwenye madungu, vile vibanda vya juu, wakifukuza ndege hadi mavuno yaishe. Mimi mwenyewe nilizaliwa kwenye dungu.

Mama alikuwa amekaa kizingitini, ameshika kamba. Midomo imekauka, magoti yamechubuka. Alikuwa amejaribu kwenda kisimani.

"Zaitun amekuacha?"

"Nilimwambia unakuja kesho yake. Akanijazia ndoo nne, akaenda."

"Kwa nini ulimdanganya, mama?"

"Ndege wakiumaliza mpunga wake, wanawe watakula kamba zako?"

"Twende Bungu."

"Nenda wewe. Mimi nina kwangu."

Simu ilikuwa imeisha chaji tu. Mustapha mwenye sola ya kuchajia naye yuko shamba. Ruhusa yangu ya kazi ilikuwa ya siku mbili. Nilizunguka nyumba zote, sikupata mtu wa kumwomba. Nilijaza maji kila chombo, hata sufuria ya shughuli. Yangetosha siku sita. Mavuno yalibakiza mwezi kuisha.

Nikachukua kamba ya kuanikia nguo, na ya mbuzi aliyekwishauzwa, na vipande vya nyavu, nikaviunga, nikavifunga mti hadi mti kuelekea kisimani. Viliishia kwenye mpapai. Kutoka pale hadi kisimani ni zaidi ya hatua mia, na kijito kinachovukwa kwa gogo moja.

"Imefika?" mama aliuliza kutoka mlangoni.

Kabla sijajibu, kamba ikavutika mkononi mwangu. Alikuwa ameishika kule mwanzo, anakuja, akihesabu mafundo kwa sauti.