Kiti cha Studio

Fundi saa alikuwa na miaka sitini na mitatu na hajawahi kuiona sura ya mama yake. Tuanzie hapo, maana mengine yote yametokana na hilo.

Mama alifariki yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Dada yake, aliyemtangulia kwa miaka mitatu, alikumbuka harufu ya sabuni, basi. Na baba yao, usicheke, alikuwa mpiga picha. Alikuwa na studio, pazia lililochorwa mawingu, na kiti kimoja cha mbao chenye mgongo mrefu. Alipiga picha mji mzima. Ukimuuliza ya mkewe, anajibu, "Sanduku lile liliingia maji," kisha anaanza kutafuta kofia yake.

Mzee alipoondoka yalibaki masanduku kumi na moja ya picha, pamoja na kile kiti, ambacho fundi alikifanya cha kukalia kazini. Picha akawa anazipandisha moja moja kwenye ukurasa wa mtandaoni ambako watu wa kawaida, yeyote mwenye simu, huzibandika lebo: harusi, baiskeli, mvua, huyu shangazi yangu. Alitumaini kwamba siku moja mtu fulani ataandika: huyu ndiye mke wa mpiga picha.

Sheria ya ukurasa ni nyepesi. Mmoja anaandika lebo, wengine wanabonyeza "Nakubali". Wakitimia watatu, mwandishi akiwemo, lebo inafungwa na picha inapelekwa mbele, wanakopita watu wengi. Kuifungua tena, lazima wale watatu wote waiondoe.

Fundi akaona kungoja watu watatu ni kuzeeka bure. Akawa anaandika lebo mwenyewe, dada anakubali, halafu anachukua simu ya mkewe anakubali nayo. Dada hakuwa na neno. Huyo walimwita Chapuchapu. Anabonyeza kwanza, anasoma baadaye, akikumbuka. Mke, ambaye mtaa mzima ulimwita Kidoti kwa doa lake juu ya mdomo, alikuwa kitandani siku hizo, mgonjwa wa kugeuzwa.

"Unanikubalisha nini tena?" aliuliza mchana mmoja.

"Kiti tu, mke wangu. Kiti kitupu cha studio."

"Kiti cha nani?"

Fundi alikwishahamia picha nyingine. 

Kidoti akazikwa. Simu yake ikafa wiki ileile, na neno la siri la akaunti yake aliondoka nalo kichwani.

Miezi minne baadaye muuguzi mmoja alileta saa ya mkononi iliyogoma. Akingoja, akatupa macho kwenye kompyuta ya fundi.

"Huyu mama ni nani? Mmefanana mpaka masikio."

Fundi akatazama. Pazia la mawingu, kiti, sakafu. "Mama yupi?"

"Babu, acha utani. Huyu hapa, kwenye kiti."

Ikabidi aitwe Chapuchapu, aliyekaa nyumba ya tatu. Naye akaona kiti. "Binti, umetoka zamu ya usiku nini?" akamwambia muuguzi. "Kalale."

Akaitwa muuza viatu wa jirani, mtu asiyeujua huo ukurasa wala hautaki. Akainama, akasema, "Mama amekaa. Gauni la madoa. Mmeniitia hilo tu?"

Muuguzi akatoa simu yake, akafungua picha ileile. Chini pameandikwa: *kiti kitupu*. "Nani kaandika uongo huu?" akasema, na kwa kejeli akabonyeza "Nakubali". Akatazama. Simu ikamponyoka.

"Hayupo."

Akaiokota kwa vidole viwili kama kitu cha moto, akaondoa ukubali wake, na mama akarudi. Yeye alikuwa wa nne. Wa nne hafungwi. Ila kucheka alikuwa amemaliza.

Fundi akavua miwani. "Nieleze," akamwambia. "Taratibu. Alivyo."

"Ana mwanya. Kichwa kakiinamisha kidogo, kama anayesikiliza mtoto chumba cha pili." Akaitia simu mfukoni. "Sitaki kuendelea, babu. Nitaifuata saa kesho."

Hakurudi. Saa yake, iliyokwisha kutengenezwa, iliendelea kugonga pale kwenye meza.

Siku hiyohiyo fundi aliondoa ukubali wake. Chapuchapu akaondoa wake, safari hii akisoma kila neno. Ukurasa ukajibu: *Bado mmoja. Kidoti.* Fundi akawaandikia wenye ukurasa. Wakamjibu kwa adabu kwamba akaunti ya mtu ni ya mtu, aiondoe mwenyewe.

"Mwenyewe yuko makaburini," alisema Chapuchapu. "Kaka, liache hilo."

"Wewe harufu ya sabuni unayo. Mimi nina nini?"

 Ili kumtuliza, dada akampiga picha pale kazini, amekaa kwenye kiti cha baba na kioo cha kukuzia jichoni, akaipandisha nayo ukurasani. "Angalau wewe tunayo yako," akasema.

Alipoondoka, fundi alifanya jambo ambalo asingelifanya mbele ya mtu. Aliandika ujumbe kwa akaunti ya Kidoti. *Uliniuliza kiti cha nani, nikakupuuza. Nisamehe. Ni cha mama. Niachie nimwone.*

Ilipita Jumatatu, ikapita Jumanne. Jumatano saa tisa alasiri, jua limeingia mpaka katikati ya meza, kompyuta ikalia.

*Kidoti ameondoa lebo.*

Fundi akaweka chini skrubu, ndogo kuliko punje ya mchanga. Akaifungua picha.

Alikuwepo. Mwanamke wa miaka ishirini na kitu, gauni la madoa, mwanya, kichwa kimeinama upande. Masikio yalikuwa ya fundi kabisa. Akalia kwa sauti kama mtoto aliyeachwa sokoni, na kila alipofuta macho alimkuta bado yupo. Akasema, "Shikamoo, mama." Miaka sitini na mitatu, na ndiyo mara ya kwanza.

Kompyuta ikalia tena.

Safari hii ilikuwa ile picha yake mwenyewe, aliyopigwa na dada. Kuna mtu ameibandika lebo. *Kiti kitupu.* Wanaokubali wawili: Kidoti, na mwingine asiye na jina, aliyejiunga leo.

Fundi akaikamata simu kumpigia dada. Ikalia mkononi kabla hajabonyeza.

"Kaka!" Chapuchapu alikuwa anahema, yuko njiani. "Nimeona mama kafunguka! Nakuja mbio!"

"Dada, sikiliza. Kuna lebo kwenye picha yangu. Usibonyeze."

"Ile? Nilidhani wanauliza kama tumemwona mama. Nimeshakubali, sasa hivi tu."

Sauti yake ilitoka simuni na mlangoni kwa pamoja. Alisimama kizingitini, mkoba begani, uso umejaa furaha, akizungusha macho: kwenye meza, kwenye ukuta wa saa, kwenye kiti.

"Uko wapi sasa? Mbona umeacha mlango wazi?"

"Niko hapa," alisema fundi, amekaa kwenye kiti kilekile, hatua mbili kutoka kwake. "Dada. Niko hapa."

Chapuchapu akaitikisa simu. "Kaka? Naona imekatika."

Akaingia, akaitazama kompyuta, akaweka kiganja mdomoni. "Mama," akanong'ona. "Mama yetu. Na huyu mtu kaenda wapi, siku kama ya leo?"

Akaamua kumngoja. Akavua mkoba begani na kuuweka kwenye kiti, juu ya mapaja ya kaka yake, akaukandamiza kidogo ili usianguke.