Tisini ya Slabu ya Nne

Malori matano ya zege yalikuwa yamepanga foleni getini, matangi yao yakizunguka polepole, na mjomba wangu alikuwa amesimama mbele ya lori la kwanza ametanua mikono, kana kwamba angeweza kulizuia kwa kifua. Dereva alipiga honi. Mjomba hakusogea.

"Geuza," alisema. "Huko juu hakuna pa kumwaga."

"Mzee, mimi nimetumwa. Oda inasema slabu ya nne iko tayari. Imeandikwa hapa."

"Imeandikwa, lakini haipo."

Nilikuwa mlangoni mwa kontena tulilolifanya ofisi, kikombe cha chai mkononi. Nilijua nani aliandika.

Ilikuwa hospitali ya ghorofa saba, na ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya maana. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, cheti kipya na kichwa kilichovimba. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, alikuwa foromani wa maseremala, wale wanaotengeneza sakafu ya mbao na nguzo za muda za kushikilia zege la slabu, yaani sakafu ya ghorofa, mpaka likauke. Ni yeye aliyemganda meneja wa mradi wiki nzima mpaka akakubali kunipa nafasi. Nilipewa kazi ya kuendesha programu ya kudhibiti gharama, na nakiri kwamba siku za mwanzo nilitembea pale saiti kama vile jengo lilikuwa la baba yangu.

Nilipapenda mno mahali pale. Mpaka leo nikipita penye harufu ya mbao mbichi nasimama kidogo. Asubuhi nyundo zilianza moja moja, kisha zikachanganyika, na kati ya zote niliijua ya mjomba, kwa sababu alipiga mara tatu, akanyamaza, akapiga tena. Saa nne tulikunywa chai tumekalia mifuko ya saruji, yeye akiwatania vijana wake kwamba mpwa wake anajenga hospitali kwa kidole kimoja.

Programu yenyewe haikuwa ngumu. Kila foromani alikuwa na tableti, na kila saa kumi alasiri aliingiza asilimia ya kazi iliyokwisha. Programu ililinganisha asilimia hiyo na fedha zilizokwisha kutumika. Kazi ikienda sambamba na matumizi, mstari ulibaki kijani. Matumizi yakitangulia, mstari uligeuka mwekundu. Mwenye jengo hakuwa mtu wa maneno mengi. Kila Jumatatu saa nne alikuja kuangalia mistari myekundu tu, na foromani aliyepata nyekundu mbili mfululizo alifungasha virago.

Mafundi si wajinga. Haukuisha mwezi wakawa wamegundua namba ya amani: tisini. Ukiandika mia, mkaguzi anapanda kuja kuangalia. Ukiandika hamsini, unageuka mwekundu. Tisini haimsumbui mtu. Foromani wa rangi alikaa kwenye tisini wiki sita na kuta hazijaonja brashi. Foromani wa mabomba alifika tisini mabomba yenyewe yakiwa bado dukani. Nilipomuuliza alicheka mpaka akashika kiuno.

"Binti yangu, ile si namba," aliniambia. "Ile ni salamu."

Mjomba peke yake ndiye aliyeandika ukweli, kwa sababu siku nilipomfundisha nilimwambia, "Andika kilichopo tu, mjomba." Basi akaandika arobaini na moja. Kesho yake akaandika arobaini na mbili.

"Mjomba, siku nzima moja tu?"

"Mvua imenyesha tangu asubuhi. Ulitaka niandike na mvua?"

Kwenye ghorofa ya nne alikuta nguzo za muda zilizosimamishwa na kikundi kilichomtangulia zimeinama. Hakumsema mtu. Alizing'oa zote, akazisimamisha upya moja baada ya nyingine. Kazi ikarudi nyuma, mishahara ikaendelea kulipwa, na Jumatatu ile mstari wake ukawa mwekundu, peke yake katikati ya kijani cha waongo. Ijumaa iliyofuata alikuwa amefika sitini. Nilijua Jumatatu atageuka mwekundu tena. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na fundi wa umri ule akitolewa kwenye saiti kubwa harudi tena.

Nilichofanya nilikifanya kwa mapenzi, na sitaki kujipunguzia kosa kwa kusema hivyo. Nywila za maforomani wote nilizitunga mimi. Ya mjomba nilikuwa nayo kwenye daftari kwa sababu aliisahau kila wiki. Ijumaa ile, baada ya yeye kuondoka, niliingia kwa jina lake, nikafuta sitini, nikaandika tisini. Mstari ukawa kijani. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Nilisahau kitu kimoja, na nilichokisahau nilikuwa nimekitengeneza mwenyewe. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimeiunganisha programu na kiwanda cha zege, ili slabu yoyote ikivuka themanini na tano malori yaitwe yenyewe siku ya kazi inayofuata na vibarua wasikae bure. Meneja alinisifia mbele ya watu. Tisini ya rangi haiiti mtu, wala tisini ya mabomba. Tisini ya slabu inaita malori matano.

Jumatatu ile asubuhi meneja alifika getini akitoka jasho, mafundi wameshajaa.

"Zege hili likigandia humu ndani ni hasara juu ya hasara! Nani aliandika tisini?"

Nilifungua mdomo. Macho yangu na ya mjomba yalikutana, na hapo hapo akajua. Niliona kabisa namna uso wake ulivyobadilika, kisha ukatulia.

"Mimi," alisema.

"Ijumaa alasiri ilikuwa sitini! Mtu anakoseaje namba hivyo?"

"Mimi na hivi vioo vyenu, bosi. Nimegusa huku, pakaitika kule."

Mafundi walicheka. Ningeweza kusema neno moja tu, ni mimi, na sikulisema.

Zege lilimwagwa kwenye shimo nyuma ya jengo, malori yote matano. Gharama yake ikaandikwa kwenye mstari wa slabu ya nne, na aliyeiandika ni mimi, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yangu. Mwenye jengo alipofika saa nne, mstari ulikuwa mwekundu kuliko yote aliyowahi kuiona.

Mjomba aliniletea tableti kontenani kabla ya saa sita. Alikuwa ameipangusa vumbi.

"Mjomba, naenda kumwambia."

"Umwambie nini? Ukitoka hapa kwa jina hilo, nani atakupa kazi tena? Mama yako anakutegemea wewe, na wadogo zako pia. Mimi nyundo yangu inaingia saiti yoyote."

Haikuingia. Tangu siku ile alitengeneza vitanda vya majirani na kurekebisha milango iliyovimba. Mimi nilipanda cheo mwaka uleule. Nimesimamia madaraja, viwanja, majengo marefu kuliko ile hospitali mara tatu, kwa programu zenye akili zaidi. Watu husema nina roho ngumu, kwa sababu siamini kijani chochote mpaka nipande mwenyewe kukiona. Wananisifia kwa hilo, nami naona aibu kila wanaponisifia.

Na nyumbani kisa kikawa kichekesho. Mama alikisimulia kwenye kila mkusanyiko wa ukoo: jinsi kaka yake alivyopigana na kompyuta, kompyuta ikamfukuza kazi. Aliigiza mpaka namna alivyoshika ile tableti. Mjomba alicheka kuliko wote.

Mwaka jana, Jumapili moja mchana, tulikuwa mezani kwa mama, na wanangu wakamwomba bibi yao awasimulie tena. Mjomba alikuwa ameketi mbele yangu, amekonda, shati limekuwa kubwa kwake. Mama alipofika kwenye malori, nilishindwa.

"Mama, ni mimi niliyeandika," nilisema. "Mjomba hakugusa kitu. Alinibebea."

Mjomba aliendelea kutafuna taratibu, akameza.

"Kazi nyingi zimemchanganya huyu," alimwambia mama. "Sasa anataka kuninyang'anya hata kosa langu. Mimi ndiye niliyeandika. Kula, mpwa wangu, chakula kinapoa."

Mama alinitazama mimi, kisha akamtazama kaka yake kwa muda mrefu. Hakumalizia kisa. Alivuta sahani ya mjomba, akamwongezea chakula ambacho hakuomba.