Paja la Wazee

Mdogo wangu Akoru anaogopa sindano. Hata ya malaria huchomwa amegeukia ukuta. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa Lodwar, waliombeba mabegani aliposhinda mbio ndefu za Eldoret, ndio hao hao waliomwita "Sindano" sokoni mkojo wake ulipokutwa na dawa ya kujaza misuli. Ndivyo tulivyo, wepesi wa kubeba na wepesi wa kutupa.

Adhabu ni miaka minne bila kukimbia. Kwa mwanariadha wa umri wake, miaka minne ni kaburi. Angepona tu kama angeonyesha dawa ilimwingiaje mwilini, na yeye hakujua.

Aliyejua alikuwa baba. Mzee Esekon alishinda amejifunika shuka kichwani, kisha akasema, "Ni mimi. Ni ile mbuzi."

Ukame ulikuwa umewafanya mbuzi wetu mifupa mitupu, na baba aliona haya kumchinjia binti bingwa mnyama wa namna hiyo. Akaenda Kakuma, akanunua dawa ya kunenepesha kwa Lony, mkimbizi wa Sudan Kusini anayeuza dawa za mifugo kambini. Akawa anamdunga dume mmoja pajani mpaka siku ya sherehe ya ushindi wa Akoru. Kisha akafanya jambo lisilofanywa kwetu. Paja la nyuma huliwa na wazee wa kiume peke yao, lakini yeye alilikata akampa Akoru mbele yao. Wazee walinung'unika. Akoru alikula mpaka mfupa. Wapimaji wa mkojo walifika wiki ile ile.

Niliposikia, Mungu anisamehe, nilitamani kumpiga baba yangu mzazi.

Nilikwenda Kakuma. Lony alijua kabisa hana kibali cha kuuza dawa ile. Alimtazama mkewe Adau, kisha akatoa chupa iliyobaki.

"Dada Namuria, hii duka watafunga," alisema. "Lakini huyo msichana hana makosa. Nitasema ni mimi niliuza."

Nililia njia nzima ya kurudi, kwa furaha. Lakini wakili alituambia chupa inathibitisha habari za mbuzi tu. Alihitajika mtu asiye wa nyumbani kwetu aliyemwona Akoru akila paja lile. Waliokaa pale ni wazee tu, na wote walikataa, isipokuwa Lokwang, aliyechunga na baba tangu utotoni.

"Sema ulichoona, mzee," nilimwomba. "Hicho tu."

"Nitamsaidia Esekon," alijibu.

Alikuja ofisini kwa wakili, Lodwar, na kofia yake ya manyoya ya mbuni. Akaketi kwenye kigoda chake, akakataa kiti. Kwenye kompyuta, watu watatu wa Nairobi waliosikiliza kesi wakamuuliza kama alimwona Akoru akila paja.

Lokwang alimtazama baba, aliyekuwa ameinamisha kichwa kama mwizi aliyeshikwa. Nikaona uso wa mzee ukibadilika.

"Hapana," alisema kwa sauti kubwa. "Paja ni ya wazee. Esekon ni mtu ya heshima, hawezi kuvunja mila. Huyo mtoto hakula."

"Lokwang!" Baba alisimama. "Sema kweli! Nilimpa kwa mkono wangu!"

"Kaa chini," Lokwang alimwambia kwa Kiturkana, kwa upole kabisa. "Usijivue nguo mbele ya wageni."

Wakili alijaribu kumuuliza tena. Mzee alirudia yale yale, na safari hii akaapa. Wale wa Nairobi wakamshukuru. Miaka minne ilisomwa kabla ya saa ya chakula cha mchana.

Nje, jua likituchoma, Lokwang alimshika baba bega. Alikuwa ameridhika, kwa kweli alikuwa anatabasamu.

"Nimekuokoa, ndugu yangu," alisema. "Hakuna atakayesema tena kwamba mwanamke alikula paja kwako."

Akoru, aliyekuwa ameketi nasi ofisini tangu asubuhi, aliinama akachukua kigoda cha mzee, akambebea mpaka kwenye pikipiki iliyomleta.