Dagaa wa Panya

Mzee Mwinshehe aliwahi kuua panya wengi shambani bila kujuta, lakini kuwatesa kwa njaa kulimshinda.

Ulikuwa mwaka wa ukame, 1974, naye alikuwa mlisha panya katika kituo kidogo cha utafiti Kibaha. Daktari Lucian aliwagawa panya mafungu mawili. Fungu moja lilishwe maharage na dagaa, la pili unga wa muhogo mtupu. Baada ya wiki sita wote wangechomwa dawa ya degedege, ile inayolaza, ionekane nani anachelewa kuamka.

"Ini ndilo linaloivunja dawa mwilini, mzee," alieleza. "Kama ini la mla muhogo ni zito kwa kazi hiyo, watoto wa vijijini itabidi tuwapunguzie kipimo."

"Sawa, daktari."

Sawa ya mdomoni. Panya wa muhogo walinyonyoka manyoya, wakawa wanamkodolea macho kila asubuhi. Akawaza kwao Kurui, watu walivyokuwa wakila muhogo kutwa mara mbili, na moyo ukamuuma. Akaanza kuwamegea dagaa wa wenzao. Thawabu ni thawabu, alijiambia, hata kwa panya.

Siku ya kupima, mafungu yote mawili yaliamka karibu pamoja. Daktari akaamua kipimo kibaki kilekile. Mwinshehe alitaka kusema, akaona haya, akaihofia kazi yake, akanyamaza. Mtu mzima hovyo!

Mwezi uliofuata aliitwa mbio kwenye zahanati ya kituo. Binti yake Mwamini alikuwa amefika kutoka Kurui na mwanawe Kondo, wa miaka mitatu, miguu imemvimba kwa utapiamlo. Degedege lilikuwa limemshika, naye daktari alikwisha kumchoma sindano, kipimo kamili.

Mwinshehe aliketi akitazama saa ya ukutani kama alivyozoea kwa panya. Saa ya kuamka ikapita. Pumzi za mtoto zikawa chache, na kabla ya adhuhuri zikakatika.

"Pole sana, mzee," alisema daktari. "Sielewi. Kipimo tulikihakikisha kwa panya wako mwenyewe."

"Panya walikula dagaa, daktari. Wote. Niliwapa mimi."

Mwamini, aliyekuwa amemwinamia mtoto, aliinua uso.

"Dagaa, baba?" aliuliza polepole. "Mbona sisi hukutuletea?"