Mchanga wa Chini ya Gunia

Mkono wa Davison unanitia kinyaa. Kila Jumatano anakuja kwetu Nchelenge, Zambia, kununua chisense, vile vidagaa vikavu vya ziwa la Mweru, na kila Jumatano anauzamisha mkono huo katika gunia la mama yangu, anachota kiganja kimoja cha chini kabisa, ambako mchanga wote umetulia, na kutuonyesha kana kwamba ametufumania tukiiba.

"Ba mayo," humwita mama kwa Kibemba, "angalia. Muchanga mutupu. Nakata kilo tatu kwa kila gunia."

Jumatano ile mama akakubali, kama kawaida. Angefanyaje? Mnunuzi mwingine hayupo. Nikatema mate pembeni, nikarudi nyumbani kwenye kompyuta na nyota ninayoichunguza.

Nyota hiyo ni mfu, gimba dogo zito linalozunguka na kunyonya gesi ya nyota jirani, na gesi ikiangukia pale inatoa eksirei. Ukizipanga eksirei hizo kwa nguvu zake, huenda ukakuta pengo mahali fulani, kiwango kimoja ambacho eksirei zimepungua. Pengo ndilo alama ya sumaku. Linakuambia sumaku ya nyota ina ukali gani. Data za setilaiti ni za bure mtandaoni, na mimi nilikuwa nimelipata pengo. Kwa ajili yake chuo kimoja kiliniahidi nafasi ya shahada ya pili. Mtoto wa wakimbizi wa kutoka Pweto, upande wa Kongo, hapati ahadi kama hiyo mara mbili.

Ila chombo cha setilaiti nacho kina mionzi yake, uchafu mtupu, na lazima uupime pembeni mwa nyota kisha uutoe. Mchana ule, mkono wa Davison bado uko machoni, nikaangalia mimi niliupimia wapi. Kona moja tu, ile chafu kuliko zote. Nilijiona makini, maana kwetu anayekagua gunia huanzia chini. Kisha nikakata kiasi hicho hicho kwenye picha nzima, hata pale palipo safi.

Nikachota upya, pande zote za nyota. Pengo likajaa, likatoweka. Nilikuwa nimelichimba mwenyewe, na nilijichukia.

Nikampigia Gustave, mwalimu wangu wa zamani, aliyenidhamini chuoni.

"Acha vile, Pierrette," akasema kwa upole. "Hakuna mutu atarudilia hesabu yako."

Upole ule ulinichukiza kuliko mkono wa Davison. Nikakiandikia chuo ukweli wote. Ijumaa wakajibu: wananishukuru kwa uaminifu, na nafasi wamempa mwingine. Nililia siku nzima, sikuona fahari yoyote.

Jumatano iliyofuata Davison akaja, akakunja mkono wa shati. Nikamshika mkono kabla hajauzamisha guniani.

"Chota na juu," nikamwambia. "Na katikati. Kisha tupime."

Akanitazama, akauliza ni nani amenifundisha ujeuri huo.

"Ni weye," nikamjibu.